Postgres: mfumo wa hifadhidata uliozidiwa na watumiaji wake

Mwaka 1993 watu wa nje waliokuwa wakitumia Postgres walikaribia kuongezeka maradufu. Kwa kampuni ya programu, hiyo ni habari ya kuchinja mbuzi. Kwa kikundi kidogo cha watafiti katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ilikuwa taabu. Kila mtumiaji mpya alikuja na hitilafu yake, na mashine yake isiyofanana na za wengine, na swali lake linalotaka jibu leo. Saa zilizofadhiliwa kwa ajili ya utafiti zikawa zinaliwa na matengenezo. Basi katikati ya 1994, baada ya kutoa toleo 4.2, mradi ukafungwa rasmi, na sababu haikufichwa: kutunza programu kulikuwa kumeumeza utafiti wenyewe.

Kisa hiki nakichambua kwa sababu kilitakiwa kiishie hapo. Mifumo mingi inayojengwa vyuoni hufa hivyohivyo. Ufadhili unakwisha, mwanafunzi aliyeandika sehemu ngumu kuliko zote anahitimu na kupata kazi mji mwingine, na kinachobaki ni makala ya kitaaluma na folda ambayo hakuna anayeweza tena kuiendesha. Postgres ilifungwa kwa tangazo, na leo, kwa jina la PostgreSQL, ni miongoni mwa mifumo ya hifadhidata inayotumika zaidi duniani. Watu wengi hueleza hilo kwa neno moja: ni ya bure. Mimi naona maelezo hayo hayatoshi, maana programu za bure zilizokufa hazihesabiki. Tutazame mfumo uliachwa katika hali gani, na nani aliruhusiwa kufanya nini na kilichoachwa.

Lazima tuanze nyuma kidogo, kwa kuwa Berkeley walikuwa wameshapita njia hii mara moja.

Mwaka 1970 Edgar Codd, mtafiti wa IBM huko San Jose, alichapisha makala iliyopendekeza kwamba data zipangwe katika majedwali, na kwamba mtumiaji aseme anataka nini, mashine yenyewe itafute njia ya kukipata. Enzi hizo mwandishi wa programu alilazimika kuifuata data hatua kwa hatua, kutoka rekodi hii kwenda ile iliyounganishwa nayo. Mpangilio wa diski ukibadilika, programu inaandikwa upya. Wazo la Codd lilikuwa zuri kwenye karatasi, lakini wengi hawakuamini kwamba mashine ingeweza kuchagua njia kwa kasi inayokubalika. Ubishi wa aina hiyo haumalizwi kwa maneno. Ilibidi mtu ajenge.

Walijenga wawili. IBM walianzisha System R, na huko ndiko SQL, lugha ya kuiulizia hifadhidata, ilikozaliwa. Berkeley, mwaka 1973, Michael Stonebraker na Eugene Wong walianzisha Ingres, ambayo fedha zake za mwanzo ziliombwa kwa ajili ya mfumo wa data za kijiografia wa kuwasaidia wanauchumi wa chuo hicho. Wa kwanza ulikuwa na kampuni kubwa nyuma yake. Wa pili ulikuwa na wanafunzi na kompyuta ya PDP-11, ambayo kila mchakato uliokuwa ukiendeshwa ndani yake uliruhusiwa kilobaiti 64 tu za kumbukumbu. Picha moja ya simu ya leo ni kubwa kuliko hapo mara nyingi. Mfumo mzima haukuingia humo, kwa hiyo wakaukata vipande vinne: kimoja kinapokea maneno ya mtumiaji, kingine kinayachambua na kuyahakiki, cha tatu kinatekeleza ulizo, yaani ombi la data, cha nne kinafanya kazi za matunzo. Vipande hivyo vikapitishiana data kwa njia zilizotolewa na Unix, mfumo endeshi wa kompyuta hiyo. Wasomi waliousifu baadaye usafi wa mgawanyo ule wakumbuke kwamba ulitokana na ufinyu wa mashine.

Kilichowatofautisha zaidi na IBM ni kwamba Berkeley waliitoa nje. Aliyeihitaji alilipa ada ndogo na kupelekewa tepu yenye programu pamoja na msimbo wake wote, yaani maandishi yenyewe ya programu. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 nakala zipatazo 1,000 zilikuwa zimesambaa, nyingi zikiwa vyuoni. Maana yake ni kwamba mwanafunzi wa chuo kingine aliweza kufungua faili na kuona kwa macho yake jinsi ulizo linavyogeuzwa kuwa hatua za kusoma diski, jambo ambalo hakuna kampuni iliyokuwa ikimwonyesha mtu wa nje. Walioijenga Ingres kwa mikono yao wakaenda na ujuzi huo kila upande. Robert Epstein, aliyekuwa mtaalamu mkuu wa programu katika mradi, alikuja kushiriki kuanzisha Sybase, kampuni ya hifadhidata, na kutoka msimbo wa Sybase ndipo Microsoft walipoanzia SQL Server yao. Gerald Held, mwenzake katika mradi, alikwenda Tandem, kampuni ya kompyuta. Mwaka 1988 chama cha wanakompyuta cha ACM kiliipa Ingres na System R tuzo ya mfumo wa programu kwa pamoja.

Ila Ingres ya chuo ilikuwa na mpaka wake. Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona kilifikiria kuitumia kwa rekodi za wanafunzi wake. Kilikuwa tayari kuvumilia kwamba Unix haina kampuni ya kuihudumia, na kwamba hata hifadhidata yenyewe haina mtu wa kumpigia simu. Kiligundua kwamba hakuna COBOL, lugha ya programu za kiofisi, kwenye Unix, na mpango ukaishia hapo. Stonebraker amekisimulia kisa hicho mara nyingi kama chanzo cha uamuzi wa 1980 wa kuanzisha kampuni, Relational Technology, pamoja na Wong na Lawrence Rowe. Kampuni ilifanikiwa. Lakini tangu siku hiyo kazi yote ya maana ya kuiendeleza Ingres ilifanyika ndani ya kampuni, nyuma ya mlango uliofungwa, na toleo la chuo likabaki kama lilivyokuwa. Leseni iliwaruhusu watu wote kulichukua na kuliendeleza. Hakuna kikundi cha nje kilichojitokeza kufanya hivyo. Hilo tulishike, maana leseni ya Ingres na ile ya Postgres hazikuachana sana, na matokeo yake yalikuwa tofauti kabisa.

Postgres ilianza 1986, chini ya Stonebraker na Rowe. Hoja yao ilikuwa kwamba majedwali ya namba na maneno mafupi yanatosha duka na benki, ila hayatoshi mhandisi mwenye michoro, daktari mwenye picha, wala mtu wa ramani. Chukua swali la kawaida la mipango miji: nyumba hii imo ndani ya eneo linalofurika au haimo? Nyumba ni nukta, eneo ni umbo lenye kona nyingi. Ukilazimika kuvihifadhi kama orodha za namba, hifadhidata haielewi inachokihifadhi, na kazi yote ya kukokotoa inarudi kwa mwandishi wa programu. Jibu la Postgres lilikuwa kumruhusu mtumiaji aufundishe mfumo: aongeze aina yake ya data, kazi zake za kukokotoa, alama zake za kulinganisha, hata aina mpya ya faharasa (orodha ya kuifikia data haraka), bila kuubomoa mfumo na kuujenga upya.

Pamoja na hilo kulikuwa na mawazo mengine ya kijasiri. Mojawapo lilikuwa kwamba data isifutwe kamwe: ukibadilisha rekodi, ya zamani inabaki na mpya inaandikwa pembeni, ili uweze kuuliza hali ilivyokuwa mwezi uliopita. Lingine lilikuwa mfumo wa kanuni, ambao hifadhidata inachukua hatua yenyewe jambo fulani likitokea.

Nguvu kazi ilikuwa ndogo mno. Kwa maelezo ya wenyewe ya 1990, mfumo wa mistari takriban 90,000 ya lugha ya C ulijengwa kwa miaka mitatu na wanafunzi watano wasio wa muda wote, wakiongozwa na mtaalamu mmoja wa kudumu. Kwa kundi la ukubwa huo kila kosa la kiufundi liligharimu sana. Walianza kwa kuandika sehemu ya mfumo kwa Lisp na sehemu kwa C, wakajuta, na ikabidi sehemu ya Lisp ihamishiwe kwenye C. Wanafunzi wanaobuni miradi ya mwisho wa mwaka wangefaidika kuwasoma watu hawa wakikiri jambo hilo hadharani, ndani ya makala ya kitaaluma, bila kulipamba.

Onyesho la kwanza lilikuwa tayari 1987 na likapelekwa kwenye mkutano wa watafiti wa hifadhidata wa SIGMOD wa 1988. Juni 1989 toleo la kwanza lilikabidhiwa watumiaji wachache wa nje. Mfumo wa kanuni ukakosolewa, na watafiti wakauvunja na kuubuni upya. Toleo la pili likatoka Juni 1990. Mwaka mmoja tu. Ningependa hapa tutue kidogo. Mtafiti aliyekwisha kuchapisha makala juu ya wazo lake hana sababu yoyote ya kazi inayomlazimisha kulivunja. Makala imeshahesabiwa kwenye wasifu wake. Kinachomlazimisha ni mtu mwenye data halisi anayesema: nimejaribu, haifanyi kazi. Postgres ilitumika kufuatilia asteroidi, kuchunguza utendaji wa injini za ndege, kuchambua data za fedha, kutunza taarifa za kitabibu, na katika mifumo kadhaa ya kijiografia. Kuanzia mwisho wa 1992 ilikuwa ndiyo hifadhi kuu ya data ya mradi mkubwa wa kisayansi uitwao Sequoia 2000. Watu hao ndio walioufanya utafiti uwe wa kweli. Na watu haohao ndio waliouchosha.

Kwa hiyo ninaposema mfumo ulizidiwa na watumiaji wake, siwalaumu, wala siwalaumu walioufunga. Chuo hulipa kwa ajili ya maarifa mapya na wahitimu. Hakuna profesa aliyepandishwa cheo kwa kujibu maswali ya usakinishaji, na hakuna mwanafunzi wa uzamivu atakayehitimu kwa kurekebisha hitilafu 200 za watu wa mbali. Kujifanya kwamba kikundi cha watu sita kinaweza kuendelea hivyo kwa miaka kumi ni kuwadanganya watumiaji. Berkeley walisema ukweli na wakafunga. Upande wa biashara, baadhi yao walikuwa wamekwisha kuupeleka msimbo kwenye kampuni ya Illustra, ambayo baadaye ilimezwa na Informix. Mpaka hapo ni Ingres ileile inarudiwa.

Tofauti ilianzia kwa wanafunzi wawili wa uzamili, Andrew Yu na Jolly Chen. Mwaka 1994 waliondoa lugha ya maulizo ya Postgres na kuweka SQL mahali pake. Ni lazima tuelewe uzito wa hatua hiyo. Watu wa Berkeley waliamini, kwa hoja nzuri tu, kwamba lugha yao ya QUEL, na PostQUEL iliyotokana nayo, ilikuwa safi kuliko SQL. Huenda walikuwa sahihi. Lakini SQL ilikuwa kiwango rasmi Marekani tangu 1986, na mhadhiri ambaye angetaka kufundishia Postgres angewafundisha wanafunzi lugha ambayo wasingekutana nayo tena popote baada ya mtihani. Wazo bora lilikuwa limegeuka ukuta. Yu na Chen waliubomoa. Wakapunguza ukubwa wa msimbo kwa asilimia 25, wakauweka wote katika C ya kiwango, wakaongeza psql, chombo cha kuandikia maulizo ambacho kinatumika hadi leo, na mfumo ukawa na kasi zaidi ya toleo 4.2 kwa asilimia 30 hadi 50 katika kipimo cha Wisconsin. Wakauita Postgres95 na kuuachia dunia.

Wao nao wakahitimu. Ila safari hii palikuwa na watu mlangoni. Mwaka 1996 Marc Fournier wa Kanada alitoa seva ya kuhifadhia msimbo, Bruce Momjian akiwa Marekani na Vadim Mikheev akiwa Urusi wakaanza kazi, na wengine wakajiunga. Jina likawa PostgreSQL, na toleo 6.0 likatoka Januari 1997, hesabu ya matoleo ikiendelea kutoka pale Berkeley ilipoishia. Hawakuwa wafanyakazi wa Berkeley wala hawakuomba kibali cha Berkeley. Hawakukihitaji, kwa kuwa leseni, ambayo ni fupi kiasi cha kusomwa kwa dakika moja, inamruhusu mtu yeyote kuutumia, kuunakili, kuubadilisha na kuusambaza mfumo kwa lengo lolote bila malipo. Sharti lake moja ni tangazo la hakimiliki libaki mahali pake. Jina la Baraza la Wasimamizi wa Chuo Kikuu cha California bado limo kwenye tangazo hilo.

Leseni ya namna hii ina gharama, na sioni haja ya kuificha. Kampuni kadhaa zimechukua msimbo wa PostgreSQL, zikaubadilisha na kuuza matokeo yake bila kurudisha walichobadilisha. Hifadhidata za Netezza na ParAccel zilianzia humo, na Redshift ya Amazon ilitokana na ParAccel. Kuna wanaoona huo ni unyonyaji wa jasho la wengine. Mimi nauona kama sehemu ya makubaliano. Kampuni hizohizo, au zinazofanana nazo, ndizo zinazowalipa mishahara wengi wa wanaoutunza mfumo leo, na mfumo wa pamoja haujawahi kumilikiwa na hata moja kati yao. Mmiliki mmoja akifilisika au akibadili nia, PostgreSQL inaendelea. Kwa anayefundisha na anayetafiti, uhakika huo una thamani kubwa kuliko maboresho machache yaliyofungiwa mahali.

Turudi kwenye swali tuliloliacha: mbona Ingres ya chuo haikupata warithi na Postgres ikapata? Wakati ulisaidia. Mwaka 1996 intaneti iliwaunganisha watu wa Kanada, Marekani na Urusi kwa siku, jambo ambalo tepu za posta zisingeweza. Ila naamini sababu kubwa ni ule uamuzi wa 1986 wa kuuacha mfumo wazi kwa nyongeza. Mtu asiyeuelewa mfumo mzima aliweza kuingia kupitia kipande kimoja kinachomhusu, na kipande hicho kikamfaa hata kama wengine hawakijali.

Mlolongo mmoja unalionyesha hilo vizuri. Mwaka 1995 Joseph Hellerstein, aliyekuwa amefanya kazi kwenye Postgres akiwa mwanafunzi wa Berkeley, alichapisha pamoja na Jeffrey Naughton na Avi Pfeffer wazo la GiST. Ni kiunzi cha jumla cha kujengea faharasa zenye umbo la mti, ambapo mtu anaandika kanuni chache zinazohusu data yake na kiunzi kinashughulikia yaliyobaki. Likatiwa ndani ya Postgres. Kisha Oleg Bartunov, mwanaastronomia wa Moscow, na mwenzake Teodor Sigaev wakalichukua, wakaliimarisha na kulitumia kwa mambo yao, ikiwemo kutafuta maneno ndani ya maandishi. Mwaka 2001 kampuni ya Refractions Research ya Kanada ikatoa PostGIS, nyongeza ya data za ramani, ambayo faharasa zake zinasimama juu ya GiST. Katika mnyororo huo hapana aliyekuwa ameajiriwa kumhudumia mwenzake, na kila mmoja alikuwa akitatua shida yake.

Mfano wa Freiberg, Ujerumani, ni wa aina hiyohiyo. Taasisi moja ya chuo cha madini na teknolojia huko ilitaka kutumia PostgreSQL katika mfumo wa kushauri matengenezo ya gridi ya umeme. Maulizo yake yaliunganisha majedwali mengi kiasi kwamba kitafuta njia cha kawaida kilizama katika kupima kila mpangilio unaowezekana. Wakaandika kitafuta njia kingine, kinachoiga uteuzi wa vizazi katika maumbile: kinachanganya mipangilio mizuri na kuitupa mibaya hadi kipate inayofaa. Kimo ndani ya PostgreSQL hadi sasa, na huanza kazi chenyewe majedwali yakizidi idadi fulani.

Mawazo mengine ya Berkeley hayakudumu kama yalivyo. Kuulizia hali ya data ya zamani kuliondolewa, kwa kuwa kulikuwa kunakula nafasi na kasi. Lakini desturi ya kuandika rekodi mpya pembeni ya ile ya zamani ilibaki, na mwaka 1999, katika toleo 6.5, Mikheev aliigeuza kuwa njia ya kuwaruhusu wasomaji na waandishi kufanya kazi kwa pamoja bila kuzuiana. Mwaka 2001 ikaongezwa kumbukumbu ya mabadiliko inayoandikwa kabla ya data yenyewe, kitu ambacho wabunifu wa mwanzo waliamini hakitahitajika. Kila anayeendesha PostgreSQL hukutana na VACUUM, kazi ya kusafisha rekodi zilizokufa. Hiyo ni alama ya uamuzi wa miaka ya 1980 inayoonekana bado, na darasani ina thamani kubwa, maana mwanafunzi anaona jinsi chaguo moja la kihandisi linavyodai ushuru wake miongo mitatu baadaye.

Kwa upande wa utafiti, ushahidi ninaouthamini kuliko wote ulitokea chuo kilipokuwa kimeshajitoa siku nyingi. Fikiria wauguzi wawili walio zamu moja ya usiku, na kanuni kwamba mmoja lazima abaki. Wote wawili wanaomba ruhusa sekunde ileile. Kila ombi linaangalia jedwali, linaona mwenzake yupo, linakubali. Asubuhi wodi haikuwa na mtu, na hifadhidata haikuona kosa lolote. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney, Michael Cahill, Uwe Röhm na Alan Fekete, walionyesha namna ya kugundua migongano hiyo bila kurudisha foleni ndefu za kusubiriana. Mwaka 2011 njia yao ikaingia PostgreSQL, toleo 9.1. Walioiweka ni Kevin Grittner, aliyekuwa akifanya kazi kwenye mfumo wa mahakama za Wisconsin, na Dan Ports wa chuo cha MIT, Marekani, na mwaka uliofuata wakachapisha makala juu ya waliyojifunza. Mahakama, maabara ya Marekani na chuo cha Australia vilikutana kwenye msimbo mmoja kwa miaka mitatu. Lau mfumo ungekuwa wa kampuni, mkutano huo ungehitaji mikataba, na huenda usingefanyika.

Afrika Mashariki imo ndani ya kisa hiki, ingawa wengi hatukijui. DHIS2, mfumo wa taarifa za afya unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, huhifadhi data zake katika PostgreSQL. Kenya iliusambaza nchi nzima mwaka 2011, na Tanzania, Uganda na Rwanda zinautumia, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwa na kikundi chake kinachoshiriki kuuendeleza. Hesabu za chanjo na malaria za zahanati zetu zinapita humo. Hali kadhalika ramani ya OpenStreetMap. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Dar es Salaam walipoingia mitaani kuchora kata zinazofurika chini ya mradi wa Ramani Huria, nyumba na mifereji waliyoichora ilikwenda kukaa katika PostgreSQL. Lile swali la nyumba na eneo la mafuriko nililolitaja linaulizwa kweli, na linajibiwa na uwezo uliobuniwa kabla wanafunzi hao hawajazaliwa.

Kufundishia ni suala linalostahili uangalifu. Mwaka 2003 Anastasia Ailamaki na Hellerstein walieleza uzoefu wao wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon (CMU) na Berkeley, ambako wanafunzi wa shahada ya kwanza walipewa PostgreSQL yenyewe na kutakiwa wabadilishe sehemu zake za ndani, kwa mfano jinsi inavyochagua ukurasa wa kuutoa kwenye kumbukumbu nafasi ikijaa. Ni zoezi zuri, na ni gumu. Tangu hapo msimbo umekua hadi zaidi ya mistari milioni moja, na vyuo vingi vimeamua kujenga mifumo midogo ya darasani: SimpleDB ya MIT, RookieDB ya Berkeley, BusTub ya CMU. Yote hiyo imeandikwa ikiwa na mapengo ya makusudi ambayo mwanafunzi anayajaza.

Sikubaliani na wanaosema mifumo hiyo midogo imeiondolea PostgreSQL kazi ya darasani. Mfumo mdogo unafundisha kujenga. Mfumo mkubwa unafundisha kusoma kilichojengwa na wengine, na mhitimu wetu atakapoajiriwa Nairobi au Dodoma, wiki yake ya kwanza kazini itakuwa ya kusoma. Tena si lazima kuanza na kubadilisha msimbo. Jedwali lenye rekodi laki kadhaa na amri ya EXPLAIN vinatosha kwa vipindi vya mwanzo: mwanafunzi aandike ulizo, aone mpango ambao mfumo umeuchagua, aongeze faharasa, aone mpango ukibadilika, kisha aeleze kwa nini wakati mwingine mfumo unaipuuza faharasa aliyoiweka. Baada ya hapo afungue saraka ya nbtree ndani ya msimbo. Humo kuna faili ya README inayoeleza, kwa lugha ya kawaida, jinsi makala ya Lehman na Yao ya 1981 ilivyogeuzwa kuwa faharasa inayoandikwa na watu wengi kwa mara moja, na wapi watunzaji walilazimika kuachana na makala hiyo. Makala na faili hiyo zikisomwa sambamba, mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaona umbali ulioko kati ya wazo lililochapishwa na wazo linalofanya kazi.

Idara isiyo na intaneti ya uhakika haina kisingizio hapa. Msimbo wote na nyaraka zake vinaingia kwenye flashi ndogo, unajengwa kwenye kompyuta ya kawaida ya maabara, na hakuna wa kuombwa ruhusa. Kinachohitajika ni mhadhiri aliyekwisha kuisoma hiyo README kabla ya kipindi.